Paul Ehrlich na Adui wa Ndani

Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga. Huyu tumkumbukaye leo alikuwa bingwa wa elimu ya damu, na msemo huo ndio uliokuja kuwasahihisha wanafunzi wake.

Paul Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 mjini Strehlen, Prussia, mji ambao leo umo Poland. Wazazi wake walikuwa Mayahudi. Tangu akisomea udaktari alipenda mno rangi za kutilia nguo. Alizitia katika chembe za mwili apate kuzitambua kwa hadubini, na karibu na mwaka 1880 akaipambanua chembe nyeupe ya damu iitwayo nyutrofili, askari wa kupigana na vijidudu.

Aliugua kifua kikuu, akaenda Misri kujiuguza. Aliporejea Berlin mwaka 1889 alijitosa katika elimu ya kingamwili, silaha zinazoundwa na damu. Mwaka 1900, yeye na mwenziwe Morgenroth waliwadunga mbuzi damu ya mbuzi wengine. Mbuzi wale waliunda kingamwili za kuiharibu damu ya wenzao, lakini ya kwao haikuguswa. Ehrlich akaona kwamba mwili huogopa kujidhuru, na una kizuizi chake.

Alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1908, akatoa dawa ya kaswende mwaka 1910, akafariki tarehe 20 Agosti 1915.

Waliomfuata waliigeuza hoja yake kuwa sheria: mwili hauwezi kujipiga. Ushahidi uliotolewa Vienna mwaka 1904 na Donath na Landsteiner haukutiliwa maanani kwa miaka mingi. Wagonjwa, je? Wenye maradhi ya kuvimba mishipa midogo ya damu waliharibika mapafu na figo, wengi wakafa kabla ya mwaka kutimia.

Mwaka 1985 waganga wa Uholanzi na Denmark walionyesha kwamba wagonjwa hao wana kingamwili zinazoishambulia nyutrofili, chembe ile ile ya Ehrlich! Maji ya damu ya mgonjwa humiminwa juu ya nyutrofili zilizo kwenye kioo, kisha hutiwa rangi ing'aayo. Adui akiwamo, chembe humetameta. Kipimo hiki hakihukumu peke yake. Daktari hutazama pia mkojo, na pengine kipande cha figo. Lakini humwahisha mgonjwa kupata dawa figo zingali hai.

Basi, ndugu msomaji, kosa la wanafunzi limefichuliwa kwa ufundi wa rangi aliouendeleza mwalimu wao.