Mackay wa Natete: Mhandisi aliyetaka kumpumzisha mpagazi

Katika karne ya 19, karibu kila bidhaa iliyotoka pwani ya Afrika Mashariki kwenda Buganda ilisafiri juu ya kichwa au bega la binadamu. Mpagazi mmoja alibeba takriban kilo 30. Chombo kisichoweza kugawanywa katika mizigo ya kiasi hicho hakikuwa na njia ya kufika bara, na mpagazi aliyeshindwa na uzito au homa mara nyingi alibaki porini. Alexander Mackay, mhandisi kutoka Uskoti ambaye jina lake bado linatajwa Natete, magharibi mwa Kampala, alitumia takriban miaka 14 kupambana na tatizo hilo.

Mackay alizaliwa Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie. Baba yake, mchungaji, alitamani mwanawe afuate nyayo zake, lakini kijana alivutwa na karakana. Alisomea uhandisi Edinburgh, kisha mwaka 1873 akaenda kufanya kazi katika viwanda vya mashine mjini Berlin. Huko mashine ya kilimo aliyoibuni ilipata tuzo ya kwanza katika maonyesho ya Breslau. Trekta kama tulijualo leo lilikuwa halijaundwa. Babu yake ni injini ya mvuke ya zama hizo.

Habari zilipofika Uingereza kwamba Kabaka Mutesa I alikuwa tayari kupokea walimu, Mackay alijiunga na shirika la kimisionari la CMS na kufika Zanzibar Mei 1876. Alileta boila, yaani tangi la kuchemshia maji ya injini, iliyoundwa kwa pete zilizotenganishwa ili kila pete ichukuliwe na wapagazi.

Mwaka 1877 aliongoza vibarua kufyeka njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, umbali wa karibu kilomita 370. Matumaini yalikuwa makubwa, lakini mvua ziligeuza ardhi kuwa tope, magurudumu yakazama, na ng'ombe wakafa. Ilidhihirika kwamba gurudumu halisaidii kitu mahali ambapo njia yenyewe haijatengenezwa ikastahimili uzito.

Alifika Buganda Novemba 1878 na hatimaye akaweka makao Natete. Alizungumza na Kabaka kwa Kiswahili, lugha ambayo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameifikisha ikulu miaka mingi kabla yake. Alijenga karakana, akachimba kisima na kukifunga pampu, akaunda gari la kukokotwa na ng'ombe, na akachonga herufi za kuchapia vitabu. Vijana waliofika kujifunza kusoma walijifunza pia msumeno na nyundo. Watu wakamwita Mzungu wa Kazi.

Jaribio kubwa la ufundi wake likaja mwaka 1882, alipofariki Namasole Muganzirwazza, mama wa Kabaka. Mackay alitakiwa kuunda majeneza matatu, moja ndani ya jingine, ya mbao na shaba. Lile la nje lilikuwa na urefu wa takriban mita 3.5, likifanana zaidi na nyumba. Mafundi walifanya kazi kwa wiki kadhaa, na umati wa watu ukahitajika kulisogeza.

Mutesa alifariki mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akarithi kiti akiwa na wasiwasi juu ya nia ya Wazungu. Januari 1885 vijana watatu wa misheni, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa kwa moto huko Busega, karibu na Natete. Mackay, aliyeweza kupunguza uzito wa gogo, hakuweza kuwaokoa. Wengine wengi waliuawa mwaka 1886, na mwezi Julai 1887 yeye mwenyewe akalazimika kuondoka.

Alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, na kuanza kuunda boti la mvuke. Mwaka 1889 msafara wa Stanley ulimkuta kati ya magogo na mashimo ya kupasulia mbao, mafundi wake wakishughulikia boila. Homa ya malaria ilimuua Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 40, boti likiwa halijakamilika.

Kanuni alizojifunza kwa taabu zingali zile zile. Mwendesha trekta anayeburuta jiwe zito hukagua njia kwanza, hufunga mnyororo chini ili trekta lisiinuke na kupinduka, na huwaondoa watu upande wa mteremko.

Hata hivyo, hofu ya Mwanga haikuwa ya bure. Mackay alitaka Uingereza ijihusishe zaidi na eneo hilo na alitetea ujenzi wa reli. Desemba mwaka ule ule wa kifo chake, Kapteni Lugard aliwasili Kampala na askari wa kampuni ya Kiingereza. Mwaka 1901 reli ilifika Kisumu, ikampokonya mpagazi mzigo wake na kuyafikisha mamlaka ya kikoloni kwa haraka zaidi.

Mwaka 1927 mabaki ya Mackay yalihamishwa kutoka Usambiro na kuzikwa upya katika kilima cha Namirembe.