Helen Hunt Jackson: Mwanahabari Aliyewatumia Wabunge Wote Kitabu, Wakakausha

Kama unadhani kuwachana viongozi hadharani kulianza na simu yako, tulia kidogo nikupe stori ya Helen Hunt Jackson.

Huyu mathee alizaliwa 1830 huko Amherst, Marekani, mji mmoja na mshairi Emily Dickinson, na walikuwa mabeshte. Maisha yalimchapa mapema. Wazazi wote walienda akiwa tineja. Mtoto wake wa kwanza hakumaliza mwaka. 1863 mumewe, afisa wa jeshi, alikufa kwa ajali akijaribu silaha ya chini ya maji, na miaka miwili baadaye kijana aliyebaki akabebwa na dondakoo. Akabaki solo na kalamu. Akaanza kuandika mashairi na makala za safari, akapata doo yake.

Siasa? Hakuwa nayo kabisa, mpaka 1879 akiwa Boston alipomsikiliza Standing Bear, chifu wa Waponca. Serikali ilikuwa imewang'oa watu wake Nebraska ikawatupa eneo ambalo leo ni Oklahoma, na wengi wakafa huko, akiwemo mwana wa chifu. Standing Bear alibeba mifupa ya kijana ili amzike nyumbani, na jeshi likamdaka njiani. Sasa wewe fikiria mama aliyezika watoto wawili ameketi hapo anasikia hiyo stori.

Helen akawaka. Alijifungia maktaba New York akichimbua nyaraka za serikali yenyewe. Akamvaa waziri Carl Schurz magazetini bila woga. Mwanagazeti wa Denver aliyetetea mauaji ya Sand Creek ya 1864 naye akapewa yake. Halafu 1881 akaachilia A Century of Dishonor, mikataba iliyovunjwa, jamii moja baada ya nyingine, na akamtumia kila mbunge nakala kwa doo yake mwenyewe.

Waheshimiwa wakakausha. Unawajua.

Baadaye serikali ilimtuma yeye na Abbot Kinney wakague hali ya wenyeji wa kusini mwa California, waliokuwa wakifurushwa mashambani mwao. Ripoti ikatoka 1883, kurasa 56. Mswada wake ukapita Seneti, ukafia Bunge la Wawakilishi.

Basi akaamua kama ukweli mkavu hausomwi, ataupakia ndani ya mahaba. Kwa miezi michache tu akaandika Ramona, riwaya ya manzi na mpenzi wake mwenyeji, Alessandro, wakifukuzwa kila wanapojenga. Ilitoka 1884 na ikabamba vibaya sana. Noma ni kwamba wasee walishika mapenzi wakaacha ardhi. Watalii walimiminika California kutafuta nyumba ya Ramona, mtu ambaye hakuwahi kuishi! 1910 D. W. Griffith akaifanya filamu, Mary Pickford akiwa staa. Huko Hemet wamekuwa wakiiigiza jukwaani tangu 1923. Wenye mashamba yaliyonyakuliwa, nani aliwatafuta?

Sheria ya kuwatengea ardhi ilipita 1891, miaka sita baada ya saratani ya tumbo kummaliza Helen San Francisco, Agosti 1885. Siku chache kabla ya kufa, akiwa kitandani, alimwandikia Rais Grover Cleveland barua kumwomba asome kitabu chake. Si Ramona. Alimwomba asome kile cha 1881.