Abushiri bin Salim wa Pangani

Ndugu msomaji, kama umefika Pangani umeuona mto mpana unaoingia baharini pale. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kandokando ya mto huo palikuwa na mashamba makubwa ya miwa. Shamba moja lilikuwa la Abushiri bin Salim. Baba yake alikuwa Mwarabu wa ukoo wa Harthi. Mama yake alikuwa Mgala, yaani mtu wa kabila ambalo sasa huitwa Waoromo.

Miwa ile Abushiri hakuilima mwenyewe. Ililimwa na watumwa. Nakuambia jambo hili mapema, kwa sababu wengine humsifu Abushiri kama shujaa asiye na doa. Wajerumani wa wakati ule walimwita mwuza watumwa tu, basi. Ukitaka kumwelewa, mtazame kama tajiri mwenye shamba, mwenye deni, na mwenye hasira.

Ndiyo, alikuwa na deni. Wenye mashamba wengi wa Pangani walikopa fedha kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Abushiri tena hakumpenda Sultani wa Unguja. Ukoo wake wa Harthi ulikuwa na ugomvi wa zamani na ukoo wa Sultani. Kwa hiyo hata kabla ya Mjerumani kuja, utii wake kwa Unguja ulikuwa mdogo sana.

Sasa sikiliza jinsi vita vilivyoanza. Mwezi Aprili 1888, Sultani Khalifa alitia saini mkataba na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kwa mkataba huo aliikodisha kampuni pwani yote, kutoka mto Umba mpaka mto Ruvuma, kwa miaka 50. Kampuni ingekusanya ushuru na kutawala kwa jina la Sultani. Watu wa pwani hawakuulizwa. Fikiri, ndugu yangu: unaamka asubuhi na kuambiwa kwamba mji wako umekodishwa, kama vile nyumba inavyokodishwa.

Mwezi Agosti 1888 kampuni ilipandisha bendera yake katika miji ya pwani. Pangani alipelekwa Mjerumani kijana, jina lake Emil von Zelewski. Huyu alikuwa mtu wa jeuri. Alimdharau liwali, mtawala aliyewekwa na Sultani. Askari wa meli ya vita ya Kijerumani wakashuka mjini, na watu wakalalamika kwamba hata msikiti haukuheshimiwa. Kampuni ikawataka wenye ardhi waiandikishe na kuonyesha hati. Wangapi walikuwa na hati? Shamba lilijulikana kwa mipaka na kwa majirani.

Kila kundi la watu lilikuwa na hofu yake. Matajiri waliogopa kupoteza mashamba na watumwa. Majumbe waliogopa kupoteza ada walizokuwa wakipata kwa misafara. Watu wa kawaida walichukia ushuru na dharau. Wapagazi na wanavijiji wa bara waliokuja mjini kwa biashara nao walikuwa na manung'uniko yao. Hasira zote hizo zikakutana mahali pamoja.

Mwezi Septemba 1888 watu wa Pangani walimzuia Zelewski nyumbani mwake. Jenerali Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani, alikuja na askari akamwokoa. Lakini watu wakamgeukia na Mathews pia, akalazimika kuondoka. Hapo utaona kwamba jina la Sultani lilikuwa halina nguvu tena Pangani. Abushiri ndiye aliyepata nguvu. Kilwa Wajerumani wawili waliuawa. Mwisho wa mwaka, Wajerumani walibaki Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Mwezi Desemba Abushiri aliishambulia Bagamoyo yenyewe. Maelfu ya watu walikimbilia kwenye misheni ya mapadri wa Kifaransa.

Huko Ujerumani, serikali ilisema kwamba hivi ni vita vya kukomesha utumwa. Bunge lao likatoa marki milioni 2. Afisa Hermann Wissmann akatumwa kuajiri jeshi. Je, askari wake walitoka wapi? Wengi walikuwa Wasudani walioajiriwa Misri. Wengine walitoka Msumbiji. Hivyo Waafrika maskini waliotafuta mshahara waliletwa kupigana na Waafrika wenzao, chini ya maafisa wa Kijerumani.

Tarehe 8 Mei 1889 Wissmann aliivamia ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Ilikuwa ngome ya magogo, na mizinga ya Wissmann ilikuwa na nguvu zaidi. Watu zaidi ya 100 wa Abushiri waliuawa. Yeye mwenyewe alitoroka.

Baada ya hapo umoja ulianza kuvunjika. Matajiri wengi wa pwani walipima hasara. Waliona kwamba vita vikiendelea, mashamba yataharibika na biashara itakufa. Wakaanza kutafuta amani na Wissmann. Mwezi Julai Pangani ikatekwa. Bwana Heri wa Saadani hakukubali mapema. Yeye alipigana mpaka mwaka 1890.

Abushiri alikwenda bara. Alichoma kituo cha Wajerumani huko Mpwapwa. Kisha akarudi kuelekea pwani pamoja na wapiganaji wa Kimbunga. Hapa, kwa maoni yangu, alifanya kosa kubwa kuliko yote. Wambunga wale waliteka mali na kuchoma vijiji vya Wazaramo. Mkulima aliyenyang'anywa mahindi yake hakujali tena kama aliyemnyang'anya ni adui wa Wajerumani au rafiki yao. Mwezi Oktoba Wambunga walishindwa vitani wakarudi kwao.

Abushiri akabaki na watu wachache, kisha karibu peke yake. Wissmann alitangaza zawadi ya fedha kwa atakayemkamata. Mwezi Desemba Abushiri alifika Kwamkoro akiwa amechoka na mwenye njaa. Jumbe wa hapo, Magaya, alimfunga akamkabidhi kwa Wajerumani. Walimrudisha Pangani, mji wake, wakamnyonga tarehe 15 Desemba 1889.

Mwaka uliofuata, Ujerumani ilimlipa Sultani marki milioni 4, na pwani ikawa mali yao kabisa. Tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani ikachukua utawala kutoka kwa kampuni. Na ule utumwa uliosemwa kuwa ndio sababu ya vita? Wajerumani waliharamisha kuuza na kusafirisha watumwa, lakini kumiliki mtumwa kuliendelea kuruhusiwa wakati wote wa utawala wao. Miwa ya Pangani iliendelea kukatwa na mikono ile ile. Sheria ya kufuta utumwa nchini ilipitishwa mwaka 1922, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuondoka na Waingereza wakiwa ndio watawala.