Tom Mboya: Mwana wa Rusinga aliyeshika mizani ya fedha za maendeleo

WATU wengi humkumbuka marehemu Thomas Joseph Odhiambo Mboya kwa mambo mawili: ndege zilizowabeba vijana wa Kenya kwenda vyuoni Marekani, na risasi zilizomuua mchana katikati ya jiji la Nairobi mnamo Julai 5, 1969. Ni wachache wanaokumbuka kwamba tangu Desemba 1964 hadi siku hiyo ya mauti, Mboya alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo. Wizara hiyo ndiyo iliyopima ni sehemu gani ya nchi ingetangulia kupata barabara, maji, stima na viwanda, na ni sehemu gani ingesubiri.

Kwa wakazi wa Homa Bay na Migori, kumbukumbu hiyo ina uzito wa pekee. Mwana wao ndiye aliyeshika mizani. Hata hivyo, kanuni aliyoiweka haikuyapendelea maeneo ya nyumbani kwao.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 katika shamba la mkonge huko Kilimambogo, karibu na Thika, ambako baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa msimamizi wa wafanyakazi. Chimbuko la jamaa yake lilikuwa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, kinachotazamana na mji wa Mbita, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay.

Alisomea shule za misheni ya Kikatoliki: kwanza Kabaa huko Ukambani, kisha St Mary's Yala katika Nyanza, na hatimaye Mang'u. Karo ilipokuwa mzigo mzito kwa mzee wake, alijiunga na chuo cha serikali kilichowafunza wakaguzi wa afya katika shule ya Jeanes, Kabete. Mwaka 1951 aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha jinsi mji unavyoendeshwa. Mkaguzi wa afya alizunguka masokoni, kwenye maduka ya nyama, mikahawani na katika nyumba za kupanga. Aliona mitaro ya majitaka inakofika na inakokomea. Aliona pia kwamba mitaa ya Wazungu ilikuwa na taa, lami na bustani, huku mitaa ya Waafrika ikibanana kwenye vyumba vichache na mabomba ya maji ya kugawana.

Ubaguzi huo haukukomea barabarani. Mkaguzi wa Kizungu aliyefanya kazi ile ile alilipwa takriban mara tano ya mshahara wa Mwafrika. Siku moja mwanamke wa Kizungu aliingia katika chumba alimokuwa Mboya akifanya kazi peke yake, akamtazama, kisha akauliza iwapo hapakuwa na mtu yeyote mle ndani. Mboya alikisimulia kisa hicho miaka mingi baadaye, akionyesha kwamba katika mji wa kikoloni Mwafrika hakuhesabiwa kuwa mtu.

Aliamua kuwaunganisha wafanyakazi wenzake. Alianzisha chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vyote vya wafanyakazi nchini. Viongozi wengi wa kisiasa walikuwa kizuizini wakati huo wa hali ya hatari, na vyama vya siasa vilikuwa vimepigwa marufuku. Sauti ya wafanyakazi ikawa miongoni mwa sauti chache za Waafrika zilizoweza kusikika hadharani. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, Mboya ndiye aliyewasemea hadi wakapata nyongeza.

Baada ya mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin mjini Oxford, alirejea na kugombea kiti cha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria mnamo 1957. Alimshinda wakili Argwings-Kodhek. Desemba 1958 aliongoza kikao cha mkutano wa mataifa yote ya Afrika mjini Accra, akiwa na umri wa miaka 28 tu. Mwaka uliofuata ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81 kuelekea Marekani, na mwaka 1960 familia ya Kennedy ikachangia safari zilizofuata.

Tangu siku hizo za mwanzo, Mboya alikuwa mwanasiasa wa jiji. Kura zake zilitoka Nairobi, kwa watu wa makabila mbalimbali, wala si kwa ukoo wake wa Rusinga. Hadi alipouawa alikuwa mbunge wa Kamukunji. Hilo lilimpa uhuru wa kulizungumzia taifa lote, lakini pia liliwafanya wengine katika Nyanza wamwone kama mtoto aliyehama nyumbani.

Kenya ilipopata uhuru, katiba ya majimbo iliipa kila sehemu ya nchi mamlaka na mapato yake. Chama cha KANU, ambacho Mboya alikuwa katibu mkuu wake, hakikuitaka katiba hiyo. Mboya alikuwa Waziri wa Sheria na Katiba wakati serikali ilipokuwa ikitayarisha mabadiliko ya kuifuta. Ilipofika Desemba 1964, Kenya ilikuwa jamhuri, na fedha zote muhimu zilikuwa chini ya serikali kuu. Mboya naye akahamishiwa Wizara ya Mipango.

Mwaka 1965 wizara yake ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 10, uliohusu Ujamaa wa Kiafrika na jinsi ya kuutumia katika kupanga maendeleo ya Kenya. Miongoni mwa waliomsaidia wizarani alikuwa Mwai Kibaki, mwanauchumi kijana ambaye baadaye angekuwa Rais wa tatu.

Waraka huo ulikabiliana na swali gumu. Serikali changa ilikuwa na fedha kidogo na mahitaji mengi. Je, igawe kila kidogo kwa kila wilaya, au ipeleke fedha pale zitakapozaa haraka? Jibu la Mboya lilikuwa la pili. Fedha za maendeleo zingewekwa mahali penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, usafiri na umeme, na watu waliokuwa tayari kuzitumia. Faida itakayopatikana ingekusanywa, kisha igeuzwe mikopo, elimu na mafunzo kwa sehemu zilizobaki nyuma.

Kwa hesabu za kiuchumi, hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Nchi ilihitaji kukua haraka ili iweze kuajiri vijana na kulipa madeni. Tatizo lilikuwa kwamba sehemu zenye usafiri na umeme ndizo zile zile ambazo wakoloni walizipendelea: kando ya reli na katika nyanda za juu. Aliyekuwa nacho aliongezewa, na aliyekosa aliahidiwa.

Nyanza Kusini ilikuwa upande wa waliokosa. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na kuishia hapo. Mji wa Homa Bay, makao makuu ya wilaya, ulitegemea gati lake na meli za ziwani. Migori ulikuwa mji wa njiani kuelekea mpaka wa Tanzania. Mgodi wa Macalder, uliokuwa ukitoa shaba na dhahabu katika eneo la Nyatike, ulifungwa mwaka 1966, na ajira zake zikatoweka wakati ule ule ambapo mipango ya taifa ilikuwa ikielekezwa kwingine.

Waraka huo ulipata wakosoaji mapema. Julai 1965, Barack Obama, mwanauchumi mzaliwa wa Kanyadhiang' karibu na Kendu Bay na baba wa aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, aliandika makala katika jarida moja la Afrika Mashariki akihoji ni nani hasa angemiliki mali na biashara katika uchumi huo, hasa maduka ya mijini yaliyokuwa mikononi mwa wageni. Wawili hao waliendelea kuwa marafiki.

Haitakuwa haki kusema kwamba Mboya aliyasahau mashamba na miji midogo. Baada ya mkutano wa Kericho wa 1966 kuhusu elimu, ajira na maendeleo ya mashambani, serikali ilianza kutayarisha mpango maalumu wa kuendeleza maeneo sita ya majaribio. Migori lilikuwa mojawapo, pamoja na Vihiga, Tetu, Mbere, Kapenguria na Kwale. Wazo lilikuwa kwamba mafanikio ya maeneo hayo yangeigwa na wilaya nyingine zote.

Mboya hakuishi kuuona mpango huo ukianza. Jumamosi ile ya Julai 1969 alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara ya Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alipatikana na hatia na akanyongwa mwaka huo huo. Waliomtuma, kama walikuwepo, hawakufikishwa mahakamani. Mwili wa Mboya ulizikwa Rusinga, kwenye kisiwa cha baba zake.

Mwaka 1970, miezi michache baada ya mazishi, serikali kuu iliyanyang'anya mabaraza ya wilaya kazi za shule za msingi, afya na barabara, pamoja na mapato yaliyoambatana nazo. Mabaraza ya miji midogo yakabaki na ushuru wa soko na ada za leseni. Mpango wa majaribio wa Migori nao ulimalizika miaka hiyo ya 1970 bila kusambazwa nchini kote kama ilivyokusudiwa. Sehemu ya pili ya ahadi ya 1965, ile ya kurejesha faida kwa walioachwa nyuma, haikutekelezwa kwa kipimo kilichotarajiwa.

Miji iliyokua katika eneo hilo ilikua kwa sababu zake. Awendo uliinuka baada ya kiwanda cha sukari cha Sony kuanza kazi mwaka 1979. Mbita na Homa Bay iliendelea kuishi kwa samaki. Fedha za serikali kwa mabaraza zilirejea kwa utaratibu wa kisheria mwaka 1999 tu, wakati hazina ya serikali za mitaa ilipoanza kugawiwa asilimia 5 ya kodi ya mapato.

Agosti 27, 2010, Kibaki, yule kijana wa Wizara ya Mipango wa 1965, aliidhinisha katiba mpya akiwa Rais. Katiba hiyo inazipa kaunti zote kwa pamoja fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kutenga nusu ya asilimia moja kwa maeneo yaliyotelekezwa. Mwaka uliofuata, Kibaki alizindua sanamu ya Mboya kwenye Moi Avenue, karibu na mahali alipouawa.

Tangu 2013 Homa Bay na Migori ni kaunti zenye magavana na bajeti zao. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 wa kuboresha miji katika kaunti 45, zote isipokuwa Nairobi na Mombasa. Ili kupata fedha hizo, mji ulitakiwa kuwa na hati ya manispaa, bodi na meneja. Zilikusudiwa barabara za mjini, mitaro, taa, masoko na uzoaji taka, yaani mambo yale yale ambayo mkaguzi kijana wa afya aliyaandika katika daftari lake mwaka 1951.

Mjini Homa Bay kuna chuo kikuu chenye jina la Tom Mboya, na kaburi lake huko Rusinga hupokea wageni kutoka mbali. Mwenye kutaka kuupima urithi wake atauona pia katika soko la samaki la Homa Bay na kituo cha matatu cha Migori, ambako wafanyabiashara wadogo hulipa ada na kungoja huduma ambayo waraka wa 1965 uliahidi kwamba ingewafikia kwa zamu yao.