Gary Cooper na Miaka ya Hofu Hollywood



Jumapili moja baada ya Masifu ya Jioni, frateri mwenzetu alituwekea ukumbini filamu ya zamani, isiyo na rangi. Wengi waliitazama dakika kumi wakaondoka, maana hakuna risasi iliyokuwa imepigwa. Mimi nilibaki. Inaitwa High Noon, yaani saa sita mchana, na ilitoka mwaka 1952. Will Kane, mkuu wa polisi wa mji mdogo, amefunga ndoa asubuhi hiyo na yuko tayari kuhama. Habari inafika kwamba muuaji aliyemtia mbaroni zamani ameachiwa, naye anakuja kwa treni ya saa sita. Kane anazunguka mji mzima kutafuta watu wa kusimama naye. Anaingia hata kanisani ibada ikiendelea. Waumini wanajadiliana, wanamsifu kwa kazi nzuri, kisha anashauriwa aondoke. Saa sita inapofika, yuko peke yake barabarani.

Uso wa mwigizaji yule ulinikaa kichwani wiki nzima. Nilitaka kujua kama Gary Cooper alikuwa mtu wa namna hiyo hata kamera zilipozimwa. Nilichokipata hakikuwa rahisi kama nilivyotarajia.

Alizaliwa tarehe 7 Mei 1901 mjini Helena, jimbo la Montana, Marekani, akaitwa Frank James Cooper. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Uingereza, na baba yake, mwanasheria, baadaye alikuwa jaji katika mahakama ya juu ya jimbo hilo. Kijana huyo alisoma miaka michache Uingereza, akarudi, akaumia nyonga katika ajali ya gari. Alishauriwa apande farasi ili apone. Ule mwendo wake wa kuyumba kidogo, ambao watu wa sinema waliupenda, ulitokana na nyonga hiyo. Mwaka 1924 alikwenda Los Angeles, na kazi yake ya kwanza katika filamu ilikuwa kupanda farasi na kuanguka nao. Jina la Gary alipewa na wakala wake, aliyelitoa kwenye mji wa kwao. Filamu ya The Virginian ya mwaka 1929 ilimfanya ajulikane kila mahali. Mwaka 1941 aliigiza katika Sergeant York maisha ya mkulima ambaye dhamiri yake ilikataa vita, kisha akawa shujaa wa vita, na kwa nafasi hiyo alipata tuzo yake ya kwanza ya Oscar.

Hollywood ya miaka ile ilikuwa na siasa za kila aina. Mdororo wa uchumi uliwapeleka waandishi wengi wa filamu kwenye vyama vya wafanyakazi, na baadhi yao kwenye Chama cha Kikomunisti. Mwaka 1936 iliundwa jumuiya ya kupinga Unazi iliyowakusanya watu wa mitazamo tofauti. Wakati wa vita, Urusi ya Stalin ilipokuwa mshirika wa Marekani, kampuni kubwa ya filamu ilitoa Mission to Moscow, iliyomsifu Stalin waziwazi. Mwaka huohuo wa 1943 Cooper mwenyewe aliigiza katika For Whom the Bell Tolls kama Mmarekani anayepigana upande wa Jamhuri nchini Hispania, upande uliokuwa na wakomunisti ndani yake. Hata hivyo yeye alikuwa mfuasi wa chama cha Republican. Mwaka 1944 alizungumza redioni kumpinga Rais Roosevelt, na alikuwa miongoni mwa wanachama wa umoja wa wanafilamu wahafidhina ulioanzishwa mwaka huo kupambana na ukomunisti katika sinema.

Vita ilipokwisha, mambo yakageuka. Mshirika wa jana akawa adui wa leo, na aliyekuwa amemshangilia akatakiwa ajieleze. Oktoba 1947 kamati ya Bunge la Wawakilishi iliwaita watu wa Hollywood mjini Washington ili kuchunguza ukomunisti. Cooper alitoa ushahidi tarehe 23, siku moja na Ronald Reagan. Alieleza kwamba alikuwa amekataa miswada kadhaa kwa sababu ilikuwa na harufu ya ukomunisti. Alipoulizwa ni ipi, hakukumbuka hata mmoja. Alikiri pia kwamba hakuwa amemsoma Karl Marx. Watu ukumbini walicheka. Hakutaja jina la mtu yeyote, na hilo si dogo, kwa kuwa wenzake wengine walitaja. Lakini alikwenda, na umaarufu wake uliipa kamati ile heshima machoni pa wananchi. Mwezi uliofuata wakuu wa kampuni za filamu walikutana katika hoteli moja New York, wakatangaza kwamba hawatamwajiri mkomunisti. Watu kumi waliokataa kuijibu kamati walifungwa jela. Orodha nyeusi ikaanza, na mamia wakakosa kazi.

Hapa ndipo High Noon inapoingia. Aliyeandika hati yake ni Carl Foreman, aliyewahi kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti. Septemba 1951, filamu ikiwa katikati ya kupigwa, aliitwa mbele ya kamati ileile, akakataa kutaja wenzake. Mshirika wake wa biashara alijitenga naye. Wengine walipomkwepa, Cooper, mhafidhina, shahidi wa mwaka 1947, alisimama upande wake ili abaki kazini. Zaidi ya hapo, alikubali kuingia katika kampuni mpya ambayo Foreman alitaka kuianzisha, na habari hiyo ikatangazwa hadharani.

Haikuchukua muda. Waandishi wa magazeti wenye nguvu, John Wayne na wakubwa wa kampuni za filamu walimbana. Cooper akampigia Foreman simu, akaomba ajitoe. Foreman alimwachilia bila kinyongo, na kwa miaka mingi baadaye alimkumbuka kama mtu mkubwa pekee aliyejaribu. Mwaka 1952 alihamia Uingereza. Mwaka uliofuata filamu yao ilimpatia Cooper Oscar ya pili. Yeye alikuwa Mexico kikazi, na aliyeipokea kwa niaba yake jukwaani alikuwa John Wayne, mtu ambaye baadaye alijisifu kwa kusaidia kumfukuza Foreman nchini.

Katika somo la maadili tunafundishwa kwamba kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino tendo kuu la ushujaa ni kuvumilia, kubaki mahali pako hatari inapokuzidi, kuliko kushambulia. Kwa kipimo hicho Cooper hakufika. Will Kane wa kwenye filamu alibaki. Mwigizaji wake aliondoka. Lakini nikijaribu kumhukumu najikuta nasita, kwa sababu katika mji ule yeye ndiye aliyefika hadi barabarani. Wengine hawakutoka hata milangoni.

Wala sisi Wakatoliki tusijiweke pembeni. Mwaka 1949 Papa Pio XII alikuwa amewakataza waamini kujiunga na vyama vya kikomunisti, na alikuwa na sababu: makasisi walikuwa wakifungwa Ulaya Mashariki. Ila wengi wa ndugu zetu Marekani walichanganya kuupinga ukomunisti na kushangilia kila orodha ya washukiwa. Hayo ni mambo mawili.

Maisha yake ya nyumbani nayo yalikuwa na majeraha. Mke wake Veronica alikuwa Mkatoliki, pamoja na binti yao Maria. Cooper alikuwa na uhusiano na mwigizaji mwenzake, akatengana na mkewe mwaka 1951, wakapatana tena baada ya miaka michache. Bado wakiwa katika hali hiyo, mwaka 1953 familia ilipokelewa na Papa Pio XII. Cooper alipopiga magoti, mgongo wake mbovu ulimwangusha, na rozari na medali alizobeba ili zibarikiwe zikatawanyika sakafuni. Taratibu alianza kwenda Misa na familia. Padre kijana wa parokia yao alimfundisha dini, na tarehe 9 Aprili 1959 alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Mwishoni mwa mwaka huo alisafiri hadi Moscow na Edward G. Robinson, aliyewahi kuandamwa kwa siasa zake. Miaka minane nyuma safari kama hiyo isingewezekana.

Hollywood ilikuwa inabadilika tena. Mwaka 1960 Dalton Trumbo, mmoja wa wale kumi, aliandikwa jina lake wazi katika filamu mbili, Exodus na Spartacus. Mwaka huohuo Cooper aligunduliwa kuwa na saratani. Aprili 1961 rafiki yake James Stewart alimpokelea tuzo ya heshima akiwa na machozi, na hapo dunia ikajua. Papa Yohane XXIII alimtumia salamu. Alifariki dunia tarehe 13 Mei 1961, akiwa amepata sakramenti, siku sita baada ya kutimiza miaka 60.

Filamu zake ziliendelea kusafiri bila yeye. Mwaka 1956 alikuwa ameigiza baba wa familia ya Waquaker katika Friendly Persuasion, filamu iliyoonyeshwa bila jina la mwandishi wake, Michael Wilson, kwa kuwa alikuwa kwenye orodha nyeusi. Mwaka 1988 Rais Reagan, yule aliyetoa ushahidi siku moja na Cooper, aliipeleka Moscow kama zawadi kwa Gorbachev. Na Juni 1989, Poland ilipopiga kura iliyouangusha utawala wa kikomunisti, chama cha Solidarność kilibandika ukutani picha ya Cooper kutoka High Noon, filamu ya Foreman. Anatembea kuja mbele, na juu ya nyota yake kifuani kuna beji ya chama. Bastola haipo; mkononi ana karatasi ya kura.