Maisha ya Meja Armstrong na Simu ya Upepo

Edwin Howard Armstrong alikuwa Mmarekani aliyefariki mwaka 1954. Askari wa zimamoto aingiapo katika jumba linalowaka, akasema kwa simu ya upepo na wenzake walio nje, mara nyingi hutumia kazi ya akili ya mtu huyu. Sisi tulalao mabwenini jambo hili latuhusu sana. Mwaka 1994 wasichana 40 walikufa bweni lao lilipoungua huko Shauritanga, Kilimanjaro, na mwaka 2009 wengine 12 walikufa huko Idodi, Iringa.

Armstrong alizaliwa New York tarehe 18 Desemba, 1890. Utotoni aliugua ugonjwa uliomwachia mtikisiko wa uso na bega maisha yake yote. Alipokuwa kijana alijenga mlingoti mrefu uani kwao ili anase mawimbi ya redio, naye hakuogopa kuupanda. Mwaka 1912, angali mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, alivumbua njia ya kulirudisha wimbi ndani ya chombo mara nyingi hata sauti hafifu ikapata nguvu. Katika Vita Kuu ya Kwanza alitumikia jeshi huko Paris, na huko alipata cheo cha Meja.

Lakini kazi yake kubwa ni FM. Redio za zamani zilibadili nguvu ya wimbi kufuata sauti ya msemaji. Radi nayo hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo kelele yake iliingia pamoja na maneno, na sisi wa Mara tunaijua radi! Armstrong akaigeuza kanuni hiyo. Nguvu ya wimbi ibaki ile ile, bali idadi ya mitetemo yake kwa sekunde ndiyo ibadilike. Basi kelele ikakosa pa kushika. Alipewa hati za uvumbuzi huo tarehe 26 Desemba, 1933.

Wakubwa wa redio hawakuupokea kwa furaha. Polisi wa jimbo la Connecticut ndio waliotangulia kuweka simu za FM magarini, wasemezane huku na huku. Kisha, katika Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Galvin ilitengeneza simu ya FM ya kubebwa mgongoni, yenye uzito wa kilo 15 hivi. Armstrong aliiruhusu serikali yake itumie hati zake bure muda wote wa vita. Leo chombo cha namna hiyo hushikwa kwa mkono mmoja.

Hata hivyo, jumba ni adui wa wimbi. Zege, nondo na mabati hulidhoofisha. Nimejaribu mwenyewe: redio ndogo iliyosema vizuri uwanjani ilianza kukoroma nilipoiingiza katika stoo ya mabati. Chini ya ardhi, kama katika migodi ya dhahabu ya huku kwetu Nyamongo, mwamba hulizuia wimbi zaidi. Dawa mojawapo ni chombo kinachopokea wimbi dhaifu na kulitoa upya kwa nguvu. Huwekwa ndani ya jumba, au huletwa na zimamoto wenyewe. Tarehe 11 Septemba, 2001, katika mji ule ule alikozaliwa Armstrong, amri ya kutoka ilitolewa kwa simu za upepo, lakini wengi waliokuwa ndani ya mnara wa kaskazini hawakuisikia. Siku hiyo walikufa zimamoto 343.

Armstrong mwenyewe alimalizwa na mahakama. Mwaka 1934 alishindwa kesi ya uvumbuzi wake wa kwanza, na wataalamu wengi waliona kwamba majaji hawakuielewa redio. Mwaka 1948 aliishtaki kampuni ya RCA kwa kutumia FM yake bila malipo. Kesi ikavutwa mwaka baada ya mwaka mpaka mali yake ikaisha, na mkewe, Marion, wakatengana. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari, 1954, alijitoa uhai.

Bibi Marion hakuziacha kesi. RCA ililipa dola milioni moja hivi mwaka ule ule, na kampuni nyingine zikafuata. Aliishinda ya mwisho mwaka 1967. Ilikuwa kampuni ya Motorola, nayo ndiyo ile ile Galvin ya simu za mgongoni, iliyokuwa imebadili jina mwaka 1947.