Joseph Plateau: Aliyezipa picha mwendo, kisha akapoteza macho

Miwani na glavu za uhalisia pepe, zinazomfanya mtu aone na kuhisi kitu kisichokuwepo, huhesabiwa kuwa uvumbuzi wa zama zetu. Hata hivyo, hatua ya mwanzo ya hila hiyo ilipigwa mwaka 1832 na mzaliwa wa Brussels, Joseph Plateau.

Plateau alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1801. Baba yake alikuwa mchoraji na alitaka mwanawe arithi brashi, lakini alipofika umri wa miaka 14 kijana huyo alikwishafiwa na wazazi wote wawili. Alilelewa na mjomba wake, mwanasheria, akasomea sheria mjini Liège. Moyo wake ulikuwa kwenye fizikia. Mwaka 1829 alitunukiwa shahada ya udaktari kwa tasnifu ya kurasa 27 tu, kuhusu namna jicho linavyobaki na taswira baada ya mwanga kuondoka.

Kutokana na utafiti huo alitengeneza kisahani cha kadibodi chenye picha 16 ukingoni, kila moja ikitofautiana kidogo na mwenzake, na mianya membamba kati yake. Mtu alisimama mbele ya kioo, akakizungusha na kuchungulia mianyani, na mchezaji aliyechorwa akaanza kucheza. Mjini Vienna, Simon Stampfer alibuni chombo cha namna hiyo karibu wakati uleule. Baadhi ya visahani vya Plateau vilichorwa na Jean-Baptiste Madou, ambaye jina lake wakazi wa Matonge hulisikia kila wapitapo kituo cha metro cha Madou, pengine bila kujua lilikotoka.

Kulidanganya jicho ni rahisi kuliko kuudanganya mkono. Sinema hutosheka na picha 24 kwa sekunde, ilhali glavu inayovizuia vidole ili mvaaji ahisi ameshika kitu kigumu huhitaji kurekebisha nguvu zake takriban mara 1,000 kwa sekunde.

Mwaka 1829 Plateau alilikodolea jua macho kwa sekunde 25 hivi, akashindwa kuona kwa siku kadhaa. Alipopofuka kabisa mwaka 1843, watu walilaumu jaribio hilo, na hadithi hiyo ingali inasimuliwa. Inavutia mno kuachwa, lakini wachunguzi wa baadaye wanaona chanzo kilikuwa uvimbe wa muda mrefu ndani ya macho.

Wakati huo alikuwa profesa mjini Ghent, na hakuacha kazi. Aligeukia utando wa sabuni, kitu ambacho kipofu hawezi hata kukipapasa, kwa kuwa hupasuka kikiguswa na kidole kikavu. Mkewe, mwanawe Félix, mkwewe Gustave Van der Mensbrugghe na wenzake wengine walichovya fremu za waya katika maji ya sabuni yaliyochanganywa na gliserini, wakamweleza walichokiona; yeye akapanga jaribio lililofuata. Hivyo aligundua kwamba tando tatu hukutana daima kwa pembe za nyuzi 120. Matokeo yalichapishwa mwaka 1873 katika majuzuu mawili.

Plateau alifariki mjini Ghent tarehe 15 Septemba 1883. Kanuni alizozipata kwa macho ya watu wengine zilithibitishwa kihisabati mwaka 1976 na Jean Taylor, mwanahisabati wa Marekani.